Gesi safi kutoka kwa magunzi na mabaki ya mbao: kazi yote iko kwa lami

Kutoa gesi kwa mbao sio kazi ngumu. Mtu yeyote ako na drum, blowa na fundi wa welding mwenye hana haraka anaeza pata gesi inawaka siku hiyo hiyo, apige video, aweke status. Shida inakuja baadaye, ukifungua paipu unapata imezibwa na kitu nyeusi inanata, valvu za jenereta zimegandana, na ile harufu imeingia kwa nguo haitoki hata na Omo. Hiyo ndio lami. Wengi huipoesha gesi na maji alafu wanaichuja na vumbi la mbao, na ukweli inasaidia, lakini hiyo lami haijaenda popote, imehama tu kwa gesi ikaingia kwa maji, na sasa uko na debe la maji yenye sumu na huna pa kuyamwaga. Njia ya maana ni kuivunja lami ikiwa bado moto, kabla haijageuka tone, na hapo ndipo kichocheo kinaingia, yaani kitu cha kusaidia lami kuvunjika (hapa ni mawe yaliyochomwa). Hapa naongea kuhusu mtambo mdogo, wa kula kama kilo 4 za mbao kwa saa, na vitu unaeza pata hapa Nairobi bila kuagiza nje.

Lakini kwanza tuelewane. Hii gesi inaua. Ndani yake kuna kaboni monoksidi nyingi, ile ile ambayo kila msimu wa baridi inamaliza watu wamelala na jiko la makaa kwa nyumba imefungwa. Haina rangi, haina harufu yake yenyewe. Ikifika asilimia 1.3 kwa hewa unayopumua, pumzi mbili tatu umezimia na dakika chache umeenda, na gesi ya mbao inayo kama asilimia 20. Kwa hivyo mtambo unakaa nje, mahali upepo unapita, na ununue kengele ya kaboni monoksidi uivae kifuani ama uiweke karibu na mahali unasimama. Kichwa kikianza kuuma usingoje kujua kama ni jua ama ni njaa, toka hapo. Na kama unaishi ghorofani Pipeline ama Kayole, hii isome tu, usijaribu kwa veranda.

Ndani ya drum kunafanyika nini? Mbao ukiipa hewa kama robo hadi theluthi ya ile ingehitaji kuungua kabisa, haiishi kuwa moshi na jivu, inavunjika inakuwa gesi. Juu inakauka, chini kidogo inapikwa inageuka makaa na mvuke mzito wa lami, alafu kwa nozeli, ile mirija midogo inaingiza hewa, joto linapanda digrii 1,100 na zaidi, na chini ya hapo makaa yenye moto yanageuza mvuke wa maji kuwa haidrojeni na kaboni monoksidi. Unachopata mwisho ni haidrojeni asilimia 15 hadi 20, kaboni monoksidi karibu hivyo hivyo, methani kidogo, kaboni dioksidi, na karibu nusu nzima ni naitrojeni iliyoingia na hewa, ambayo haichomeki wala haina faida yoyote.

Kwa sababu ya hiyo naitrojeni gesi yenyewe ni nyepesi kwa nguvu, kama megajuli 5 kwa mita moja ya ujazo. Fanya hesabu kabla mtu akudanganye: mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 13 uko na karibu megajuli 600, kwa hivyo kuulingana unahitaji mita 120 za ujazo za gesi ya mbao, na hizo zinatoka kwa kama kilo 50 za mbao kavu. Sio mbaya kama mbao ni za bure. Lakini usiwahi fikiria kuisukuma kwa mtungi, kwanza haitoshei chochote, pili ni bomu yenye sumu. Inatumika palepale inapotoka.

Sasa cha kuchoma. Magunzi ya mahindi ni mazuri sana, maganda ya makadamia pia, mabaki ya mbao ya Gikomba sawa, mathenge ikiwa kavu ni moto kweli kweli. Katakata vipande vya sentimita 1 hadi 2, kwa sababu koo la mtambo mdogo, ile sehemu imebanwa chini ya nozeli, ni jembamba na kipande kikubwa kinakwama juu, chini kunabaki shimo, moto unapenya, na hapo ndipo lami inamwagika. Vumbi la mbao na maganda ya kahawa usiyaweke hivyo hivyo, yanajishikilia yanafanya daraja, tafuta mtu ako na mashine ya briketi. Maganda ya mpunga ya Mwea mimi nayaogopa, jivu lake ni jingi na ni silika tupu, ile madini ya mchanga, linayeyuka linakuwa kioo kwa wavu. Paleti ziangalie muhuri: HT maana yake ilipashwa moto, hiyo chukua, MB ilifukizwa na dawa, hiyo wacha. Mbao iliyopakwa rangi wacha, na vipande vya posti za stima zilizotiwa dawa usiguse kabisa, kuna aseniki ndani.

Unyevu uwe chini ya asilimia 20. Pima gramu 100 za vipande kwa mizani ya jikoni, weka kwa oveni moto mdogo mpaka uzito uache kushuka, ikibaki gramu 80 ama zaidi uko sawa. Julai na ule umande wa Nairobi usidanganywe na mbao kuonekana kavu nje.

Mtambo

Unataka ule wa kuvuta chini, yaani gesi inapitia kwa makaa moto kabla itoke. Ule wa kuvuta juu ni rahisi kujenga lakini lami yake ni ya kutisha, inaeza fika gramu 50 kwa mita ya ujazo na zaidi, huu wa kuvuta chini ukiendeshwa vizuri uko kama gramu 1. Wazungu waliendesha magari na hii kitu wakati wa vita vya pili vya dunia petroli ilipoisha, na ndio mtindo huo huo tunafuata. Kwa kilo 4 kwa saa koo liwe kipenyo cha sentimita 6 hivi, nozeli tano za hewa sentimita 8 hadi 10 juu yake, wavu chini kama sentimita 12 kutoka kwa koo. Koo usitengeneze na chuma cha kawaida, haitamaliza mwezi, lifinyange na sementi ya moto, ile mafundi wa majiko Shauri Moyo wanaielewa.

Drum na mabati Kamukunji. Thamokapo (waya wa kupima joto kali) aina ya K na skrini yake Luthuli, nunua angalau tatu. Blowa Kirinyaga Road kwa watu wa spea. Stenlesi ya sanduku la kichocheo tafuta Industrial Area, ya milimita 3, namba 304 inavumilia, 310 ni bora mfuko ukikubali. Kwa fundi wa welding sema wazi unataka kitu haivuji hata kidogo, maana atakuangalia akuulize, "Sasa boss, jiko ukilifunga hivi moto utapumua wapi?" Mwambie blowa iko mwisho na inavuta, sio kusukuma, kwa hivyo mwanya wowote unaingiza hewa ndani mahali gesi iko moto. Ukimaliza ziba matundu yote, ingiza hewa kidogo, pitisha maji ya sabuni kwa kila jointi uangalie mapovu. Hakuna kuruka hiyo.

Mpangilio ni huu: mtambo, alafu saikloni ya kuangusha vumbi, alafu sanduku la kichocheo, alafu kipoeza, alafu chujio, alafu blowa, alafu bomba la kuchomea gesi ya ziada na laini ya kwenda kwa injini. Wengi wanaweka kichocheo baada ya kipoeza ju kuna nafasi. Hapo umeweka mawe tu. Kichocheo bila joto hakifanyi kitu, kwa hivyo saikloni na sanduku ziwe zimebanana na mtambo, paipu fupi iwezekanavyo, na zote zifungwe na blanketi la seramiki la sentimita 5 ama zaidi, alafu bati juu. Ukiweza kuweka sanduku ndani ya drum moja na mtambo, bora zaidi.

Kichocheo chenyewe

Kuna vichocheo vya aina nyingi, lakini kwa mtu wa kawaida jibu ni dolomaiti, jiwe la chokaa lenye magnesiamu ndani. Ukilichoma linabaki kalsiamu oksidi na magnesiamu oksidi, na lami moto ikipita hapo pamoja na mvuke wa maji inavunjika inakuwa haidrojeni na kaboni monoksidi, yaani uchafu unageuka gesi ya kutumia. Kwa digrii 850 hivi inaeza toa asilimia 90 ya lami na zaidi. Ni rahisi, haina sumu, ikiharibika unaibadilisha bila kulia.

Machimbo ya mawe ya chokaa na marumaru yako Kajiado, lakini sio kila jiwe jeupe ni dolomaiti. Jaribu na siki: chokaa ya kawaida inatoa mapovu mara moja, dolomaiti inakaa kimya mpaka uikwaruze iwe unga, hapo ndipo inatoa mapovu kidogo kidogo. Lile lenye rangi ya udongo kidogo, lenye chuma ndani, hufanya kazi vizuri kuliko jeupe kabisa. Ile ya unga ya agrovet haifai, itaziba kila kitu. Vunja na nyundo, chekecha ubaki na saizi kati ya punje ya hindi na ncha ya kidole gumba.

Alafu unayachoma, digrii 900 kwa masaa kadhaa, tanuri la mfinyanzi ni sawa. Utajuaje yameiva? Kwa mizani. Dolomaiti safi inapoteza karibu asilimia 47 ya uzito kaboni dioksidi ikitoka, kwa hivyo ukiweka kilo 10 na ukatoa kilo 8, rudisha. Ukitoa kilo 5 na nusu hivi hapo sawa. Jiwe lililoiva ni jepesi mkononi, linaacha unga mweupe kwa glavu, na ukilidondoshea tone la maji linafuka na kupasuka. Ndio maana unavaa miwani na glavu, hii ni chokaa hai, ikiingia kwa jicho ni hospitali. Likipoa tu funga kwa ndoo yenye kifuniko kinachobana, maana linakunywa unyevu na kaboni dioksidi kutoka hewani, baada ya muda unabaki na unga.

Kiasi gani? Kilo 4 za mbao zinatoa kama mita 10 za ujazo za gesi kwa saa ikiwa imepoa, lakini kwa digrii 850 imefura karibu mara nne, kwa hivyo kwa sanduku inapita kama lita 10 na nusu kila sekunde. Unataka ikae na mawe nusu sekunde hadi sekunde moja. Sanduku la lita 10 linatosha, yaani paipu ya kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa 32, na ukitaka kulijaza anza na kilo 15 hadi 20 za mawe mabichi. Gesi iingie chini itoke juu, wavu chini, na chini ya wavu uache mfuko wa unga na kifuniko cha kufungua, maana dolomaiti iliyochomwa ni laini, itaporomoka tu.

Joto la sanduku likae 800 hadi 900, thamokapo moja chini ya mawe na nyingine juu. Hapa ndipo mitambo midogo mingi inashindwa, gesi inatoka kwa mtambo na digrii 600 au 700 na inapoa njiani. Dawa yake ni hewa ya pili, paipu ndogo ya nusu inchi na valvu inayoingiza hewa kidogo chini tu ya mawe, inachoma kidogo ya gesi ndani na joto linapanda. Unapoteza gesi kidogo lakini unapata safi. Ila sikia: hiyo valvu usiifungue kabla sehemu hiyo haijapita digrii 700. Juu ya hapo hewa inawaka papo hapo ikikutana na gesi. Chini ya hapo haiwaki, inachanganyika, inajaa, inangoja cheche. Mwanzo tumia makaa peke yake bila mbao kupasha kila kitu, makaa karibu hayana lami, alafu ndio uanze kuongeza vipande.

Na sanduku likishuka chini ya 750 huku kaboni dioksidi imejaa, ile chokaa inaanza kuinywa tena, inarudi kuwa jiwe la kawaida na kazi inasimama. Ukiirudisha juu ya 850 inaachilia tena, lakini ukiifanyia hivyo kila mara inachoka na kubomoka.

Kuna watu watauliza kuhusu magadi, ile ile mama anaweka kwa kunde zilainike haraka. Swali zuri, kwa sababu chumvi za sodiamu na potasiamu kweli zinaharakisha makaa kugeuka gesi, na hata jivu la mbao linasaidia kwa sababu hiyo hiyo. Lakini sodiamu kabonati inayeyuka kwa digrii 851, hapo hapo tunapotaka kufanyia kazi, inakula sementi ya moto na ikikutana na silika inakuwa kioo. Kwa sanduku la mawe isiingie. Nikeli nayo ndio bingwa, inavunja lami na hata methani, viwanda vikubwa vinaitumia, lakini salfa kidogo tu inaizima, inafunikwa na masizi, na vumbi lake linasababisha saratani. Hiyo waachie wenye maabara. Olivini, jiwe lingine la kichocheo, ni ngumu kuliko dolomaiti, haibomoki, kwa hivyo mtambo mkubwa wa gesi ya mbao wa Güssing kule Austria uliitumia kama mchanga unaorushwa na gesi mpaka unachemka kama maji, lakini nguvu yake ya kuvunja lami iko chini na kwa sanduku lililotulia hauihitaji.

Kuwasha na kupima

Washa blowa, washa makaa, na gesi yote iende kwa bomba la kuchomea mita mbili tatu juu ya kichwa. Mwanzo utaona moshi mweupe mzito hautaki kushika moto, huo mwingi ni mvuke wa maji, ngoja. Ukianza kuwa mwembamba jaribu kuwasha na kijiti kirefu, na ukishashika acha mwali mdogo ukae hapo siku yote, gesi isiyotumika isitoke bila kuchomwa. Mwali mzuri ni wa samawati unaoingia zambarau, mchana karibu hauonekani. Ukiwa wa manjano na masizi, lami bado iko.

Macho hayatoshi lakini. Weka mirija miwili ya kuchukua sampuli, mmoja kabla ya sanduku na mmoja baada, na kila mmoja uvute gesi polepole kupitia pamba alafu ndani ya chupa ya kioo yenye isopropano (aina ya spiriti) iliyokaa kwa barafu, muda sawa, mwendo sawa. Mbali na moto, hiyo isopropano inawaka. Chupa ya kwanza itakuwa ya chai ya rangi baada ya muda mfupi. Ya pili ikibaki kama maji, ama na umanjano wa mbali, kichocheo kinafanya kazi. Injini inataka lami chini ya miligramu 100 kwa mita ya ujazo, na vumbi chini ya 50. Na pua pia inasema: kukiwa na harufu ya zile tembe za kabati za kufukuza nondo, hiyo ni nafthalini, lami sugu ambayo ndio ya mwisho kuvunjika, ongeza joto kidogo ama mawe yamechoka.

Kitu kingine cha bei ya chini, chukua paipu ya plastiki inayoonekana ndani, ikunje umbo la U, weka maji na tone la rangi ya keki, unganisha upande mmoja kabla ya sanduku na mwingine baada. Tofauti ya maji ikiwa sentimita moja mbili, poa. Ikianza kupanda siku baada ya siku, unga ama masizi yameziba, safisha ule mfuko wa chini kwanza kabla ya kulaumu mawe.

Kwa jenereta ya petroli gesi inaingia kupitia valvu ya kuchanganya na hewa, karibu kipimo kimoja cha gesi kwa kimoja cha hewa. Usitegemee nguvu ile ile, itashuka kwa theluthi hadi nusu, jenereta ya kilowati 5 ikikupa 3 shukuru. Kabla ya injini weka kizuizi cha moto, chupa ya maji ama paipu iliyojazwa sufi ya chuma, moto usirudi nyuma.

Kuzima ndio watu wanaharakisha. Acha kuongeza mbao, funga hewa ya pili kwanza, alafu hewa ya nozeli, acha blowa imalize gesi mpaka ule mwali wa juu ufe, ndio uzime na kufunga kila valvu. Ndani kutakaa moto usiku mzima na bado kuna gesi. Usifungue kifuniko mpaka kesho, na ukifungua simama upande upepo unatoka.

Maji ya kipoeza sasa yatakuwa kidogo na yana rangi hafifu, lakini bado usiyamwage kwa mtaro, yarudishe kidogo kidogo juu ya makaa ya mtambo ukiwa umewaka. Mawe yaliyochoka kama ni meupe ama kijivu na hayanuki yaache nje yanyeshewe yavunjike, yanakuwa chokaa ya shamba, na kule juu Murang'a na Kiambu kwa kahawa na chai udongo mwingi ni wa tindikali. Kahawa inaikubali ukipima udongo kwanza, chai usiiwekee, yenyewe inataka hiyo tindikali. Meusi yenye harufu ya lami yarudishe kwa tanuri yachomwe tena pamoja na mapya.